Mchumba Aliyeshtakiwa Sinagogini

"Hakuna kusoma leo!"

Mzee Itche, mtunzaji wa sinagogi la wahamiaji wa mji wa Drozhin, alikuwa ameshalifungua gombo la Torati mezani na kuweka miwani puani. Aliposikia sauti ya mwanamke upande wa wanaume, miwani ilimdondoka. Akageuka na kumkuta Zlata, binti wa Kalmen mpiga pasi, amesimama mbele yake na kiganja amekiweka juu ya meza. Alikuwa ameshuka kutoka roshani ya wanawake, mbio, na kitambaa cha kichwani kilikuwa kimemponyoka mpaka mabegani.

"Binti, umepagawa? Rudi juu!"

"Nina kesi."

"Kesi leta Jumatatu!"

"Naileta leo, watu wakiwa wote hapa. Mzee Itche, desturi ya Drozhin unaijua kunishinda. Aliyedhulumiwa anaweza kuzuia usomaji mpaka asikilizwe. Bibi yangu alizuia kwa ajili ya bata mmoja, na watu walikaa na njaa mpaka bata akapatikana."

"Bata yule alikuwa na mayai ndani," alisema mzee mmoja kutoka nyuma.

"Langu mimi ni kubwa kuliko bata."

Watu wakamgeukia Bwana Zanvil, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha heshima upande wa mashariki. Ilikuwa wiki ya tano ya mgomo mkubwa wa washona makoti wa New York, na kiwanda cha Zanvil kilikuwa mtaa wa pili kutoka hapo. Zanvil mwenyewe alijua anayetafutwa ni yeye. Alizipanga ndevu zake vizuri, akajikohoza, akawa tayari kujibu.

Lakini kidole cha Zlata kilimpita.

"Namshtaki Anshel."

Vichwa vikageuka mara ya pili. Anshel alikuwa mkata vitambaa, kijana mrefu mwenye mabega mapana, mpole hadi watu wakamfikiria mzembe. Tena alikuwa mchumba wa Zlata. Sahani ya uchumba, ambayo huvunjwa kuonyesha kwamba uchumba haurudi nyuma, ilishavunjwa tangu majira ya kuchipua, na harusi ilikuwa baada ya mfungo wa mwezi wa Kiyahudi wa Av, zikiwa zimebaki siku chache tu.

"Zlata," Anshel alisema akiinuka taratibu. "Tuzungumze nje."

"Nje nimekaa wiki tano! Nje ndiko polisi waliponisukuma mpaka nikaangukia mfereji! Sisi tunalinda mlango wa mbele wa kiwanda kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, wewe unapita mlango wa uani. Dvoshe, mwenzangu wa mgomo, amekuona Jumatano. Amekuona Alhamisi. Jana mimi mwenyewe nimekuona mgongo. Mgongo wako siwezi kuukosea, Anshel. Sema, umeingia au hujaingia?"

"Nimeingia."

Mnong'ono ukapita kwenye mabenchi.

"Ulikuwa unamkatia Zanvil vitambaa?"

"Kisu sikukigusa."

"Basi ulifuata nini? Kupunga upepo?"

Wengine wakacheka. Anshel hakucheka. Alimtazama Zlata, kisha akatazama sakafu.

"Siwezi kusema."

"Huwezi au hutaki?"

"Nimempa mtu mkono."

Watu wa Drozhin hawachezei neno hilo. Mtu akikupa mkono kwamba atatunza siri, ni sawa na kiapo, na anayekivunja hata kuku wake hawatagi. Kwa dakika moja ilionekana kama watu wangemwacha. Lakini Zlata macho yalikuwa yameshajaa machozi.

"Na mimi ulinipa mkono, Anshel. Ulisahau?"

Hapo ndipo Bwana Zanvil alipoona heri atie neno, kwa sauti ya mtu aliyeshiba.

"Mwacheni kijana. Mlango wangu uko wazi kwa kila mwenye akili."

Neno hilo moja lilimmaliza Anshel. Mtu wa mabenchi ya nyuma akapiga kelele "Mvunja mgomo!", mwingine akadakia, na mzee aliyekaa karibu na Anshel akainuka akahamia benchi jingine. Anshel alikunja shela yake ya sala kwa utaratibu, akatoka. Alipopita karibu na jiko la chuma alisimama kidogo mbele ya Mzee Kalmen, baba yake Zlata. Mzee alikuwa amejifunika shela mpaka usoni. Hakuinua kichwa.

Maskini baba, Zlata aliwaza, nimemwaibisha.

"Sasa tunaweza kusoma?" Mzee Itche aliuliza kwa sauti ndogo.

"Someni," alisema Zlata. "Uchumba wangu umekufa. Someni tu."

* * *

Mchana ule wa Sabato chungu cha maharage na viazi kilitoka kwenye tanuri la mwokaji mikate kikiwa kimeiva vizuri, lakini hakikupata mtu wa kukila. Zlata alipakua, baba yake akawa anazungusha kijiko.

"Kula, Baba. Hasira ni zangu, njaa isiwe yako."

"Watamfanya nini?" Kalmen aliuliza.

"Nani?"

"Anshel."

"Jumatano kamati ya wakata vitambaa itamwita. Watamnyang'anya kadi ya chama. Tukishinda mgomo huu, bila kadi hapati kiwanda cha kumpokea mji mzima. Atauza viazi kwenye mkokoteni." Alisema hivyo kwa ukali, kisha akasukuma sahani yake pembeni. "Baba, mimi nilimpenda yule mtu. Nilikuwa nikiona koti limening'inia mlangoni moyo unaniruka, nadhani ni yeye. Kikulacho kweli ki nguoni mwako."

"Labda ana sababu."

"Kila mvunja mgomo ana sababu! Dvoshe ana mama mgonjwa na bado yuko mstarini." Akaushika mkono wa baba yake, ule mkono wenye makovu ya pasi tangu kidole cha kwanza hadi kiwiko. "Namshukuru Mungu kitu kimoja. Nina baba ambaye hajawahi kunifanya niinamishe uso. Wewe unakwenda sinagogi, unasoma vitabu vyako, unarudi. Asante, Baba."

Kalmen alivuta mkono wake polepole.

"Usinishukuru, mwanangu."

"Kwa nini?"

"Maharage yanapoa," alisema mzee, akainuka kwenda kulala.

* * *

Jumapili, kabla jua halijapita juu ya mapaa, Zlata alikuwa kwenye uchochoro wa mazizi ya farasi nyuma ya kiwanda. Hakumwambia Dvoshe. Alitaka amshike Anshel mwenyewe, kisu mkononi, ili moyo wake ukome kumtetea. Usiku kucha moyo huo ulikuwa ukimwambia: yule mtu alisema kweli, kisu hakukigusa. Zlata aliuambia ukae kimya, haukusikia.

Mlango wa uani ulikuwa umeegeshwa tu. Alipanda ngazi za mbao. Ghorofa ya pili akakutana na joto la mvuke na harufu ya sufu iliyoloa, na kabla hajagusa kitasa akasikia sauti ya Anshel.

"Mzee, zima jiko la pasi. Tutoke wote sasa hivi."

"Kesho."

"Umesema kesho tangu Jumatano."

"Kesho nitamwambia mwenyewe, Anshel. Nimeshapanga maneno."

"Jumatano ijayo wananichukulia kadi, Mzee wangu. Kadi hainiumi sana. Kinachoniuma ni yeye. Hukumwona jana alivyosimama? Niachie mkono wangu basi. Niruhusu niseme."

"Akijua ataninyima hata salamu. Sina mtu mwingine duniani."

Zlata alisukuma mlango.

Anshel alikuwa amekaa juu ya robota la kitambaa, kofia magotini, mikono mitupu. Mbele yake, nyuma ya meza ndefu, alisimama Mzee Kalmen na pasi ya ratili kumi na nane mkononi. Ukutani nyuma yake makoti ya wanawake yalikuwa yamening'inia safu mbili, yamenyooshwa vizuri kabisa. Zlata alizijua kola zile. Mpiga pasi aliyeweza kulaza kola namna ile mtaa mzima alikuwa mmoja.

"Baba."

Pasi ilitua mezani. Hakuna aliyeisogeza mpaka kitambaa kilipoanza kunuka kuungua, Anshel akaruka akaiinua.

"Baba, hili ndilo sinagogi unalokwenda?"

"Mwanangu, nisikilize..."

"Wiki ngapi?"

"Tatu."

"Wiki tatu! Sisi tulikuwa tunajiuliza makoti ya Zanvil yanatokaje. Vibarua walioletwa kuvunja mgomo hawajui hata kushika pasi. Kumbe ni wewe! Sisi tunapigwa nje, baba yangu ananyoosha kola ndani!"

"Sikuchukua hata senti moja," alisema Kalmen haraka, kama mtu aliyelikariri jibu. "Naapa kwa roho ya mama yako. Mvunja mgomo ni yule anayelipwa. Mimi nimekataa ujira. Mimi nilikuwa nashukuru."

"Unashukuru nini?"

Mzee aliketi kwenye kigoda. Akaonekana mdogo kuliko Zlata alivyowahi kumwona.

"Ulikuwa na miaka minne. Labda umesahau. Kule kisiwani, kwenye ukumbi wa wahamiaji, daktari alinipiga mgongo akasema huyu mgongo umekwisha, huyu na kitoto chake watakuwa mzigo wa serikali. Wakatuweka upande wa wanaorudishwa. Siku nne, Zlata. Wewe ulikuwa ukilala mapajani mwangu, mimi natazama meli. Siku ya tano akaja Zanvil. Hakuwa na kiwanda wakati ule, alikuwa na cherehani mbili. Akasema, huyu ni mtu wa kwetu, mzigo wake niwekeeni mimi. Akatia saini. Ndiyo maana uko hapa. Ndiyo maana una chama cha kugomea! Mgomo ulipoanza nilitoka kama wengine. Wiki ya pili akaja sinagogini akaniambia, Kalmen, sikudai kitu, ila msimu ukinipita nimekwisha. Ningefanya nini? Ningemwambia nini mtu aliyekuokoa?"

Zlata alizitazama kola zile ukutani. Hasira ilikuwa bado ipo, lakini haikujua imshukie nani.

"Na wewe?" alimgeukia Anshel. "Wewe ulijuaje?"

"Nilimwona Jumanne akiingia uchochoroni na mfuko wake wa shela. Sinagogi haliko upande huu. Nilimfuata. Akanishika mkono kabla sijasema neno, akanifunga kwa ahadi. Basi nikawa nakuja kila asubuhi kumbembeleza."

"Na ukaniacha nikutukane mbele ya watu wote."

"Nilikuwa nimempa mkono."

Ngazi za mbele zililia. Bwana Zanvil aliingia, bado anafunga vifungo vya kizibao, akasimama alipomwona Zlata.

"Aa! Familia nzima. Kalmen, na binti umemleta kazini?"

Kalmen alinyanyuka. Alifungua aproni yake, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya meza.

"Zanvil, naacha."

"Unaacha? Makoti sitini yanangoja! Kalmen, umesahau kisiwani?"

"Sijasahau hata siku moja. Kila Sabato nikibariki divai jina lako nalitaja."

"Basi ndiyo malipo haya? Kweli fadhila ya punda ni mateke."

Anshel alisogea, Zlata naye akasogea, lakini mzee aliwazuia kwa mkono.

"Punda angeendelea kubeba, Zanvil. Mimi nimeshusha mzigo." Akauchukua mfuko wake wa shela. "Ulinifanyia wema na nitakushukuru mpaka kaburini. Ukiugua nitakuja kukesha kitandani kwako. Ukifiwa nitakuletea mayai ya matanga. Lakini umekaa kwenye kiti chako jana, ukaona kijana wa watu anachafuliwa kwa ajili yangu na yako, ukasema mlango wako uko wazi. Na mimi nikajifunika shela nikanyamaza. Tumekosa wote wawili. Mimi ninatoka."

"Toka kwa uani basi," alisema Zanvil. "Wale wanawake wa mbele watakurarua."

"Natoka mbele," alisema Kalmen. "Waone."

* * *

Dvoshe alikuwa mstarini na wanawake kumi na wanane, bango begani. Mlango wa kiwanda ulipofunguka kutoka ndani wote walipiga miluzi, kama walivyozoea. Kisha wakamwona anayetoka, miluzi ikafa.

"Mzee Kalmen?" alisema Dvoshe. "Shoga, Zlata, kuna nini?"

Zlata aliinamisha uso. Alishuka ngazi nyuma ya baba yake, akitamani ardhi impasukie, na wakati huohuo akimwona mgongo ule uliopinda, ambao daktari wa kisiwani alisema umekwisha, ukijitahidi kunyooka.

"Mvunja mgomo ni mimi," Kalmen aliwaambia. "Wiki tatu nimepiga pasi ndani. Anshel alikuwa akija kunitoa. Alinyamaza kwa sababu nilimfunga kwa ahadi. Mnataka kunizomea, nizomeeni. Yeye muacheni."

Mwanamke mmoja alitema mate chini. Hakuna aliyezomea. Hatimaye Dvoshe alishusha bango lake, akampa mzee alishike.

"Basi shika hili, Mzee. Mimi bega limekufa tangu jana."

Kalmen alilishika juu chini. Wakamgeuzia.

Zlata alipotazama nyuma, Anshel alikuwa ameshafika kona. Akamkimbilia.

"Anshel! Subiri!"

Alisimama.

"Nisamehe," alisema Zlata, akihema. "Nimekukosea. Nimekukosea sana."

"Nimefurahi mzee ametoka. Kweli nimefurahi."

"Na mimi je?"

Anshel aliigeuza kofia yake mikononi. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na haya aliyatafuta.

"Hukuniuliza, Zlata. Ngazi za kwenu nimekaa na wewe jioni ngapi? Ungekuja pale, tuko wawili, ukaniuliza. Ukaja na sinagogi zima."

"Ungenijibu?"

"Nisingekujibu. Lakini ungenitazama usoni, ungejua."

Akavaa kofia yake, akaenda.

* * *

Zlata alimwandikia jioni hiyohiyo:

*"Anshel, kumwaibisha mtu mbele ya watu ni kumwaga damu yake. Nilifundishwa hivyo nikiwa mtoto na bado nimefanya. Ulibeba jina baya kumkinga baba yangu dhidi yangu mimi. Sijui kama kuna mtu amewahi kunifanyia jambo kubwa namna hiyo, na mimi nilikulipa kwa mate. Naomba msamaha wako. Zlata."*

Majibu yalikuja kesho yake:

*"Barua nimepata. Msalimie mzee. Mwambie asishike bango kubwa, mgongo utamuuma. Anshel."*

"Ndiyo nini hii?" Zlata alimuuliza Dvoshe.

"Hii ni barua ya mtu anayempenda baba yako, shoga."

"Na mimi?"

"Wewe hujatajwa. Lakini hujatukanwa pia. Sahani ilishavunjwa, mama, haiungiki. Mfuate."

Siku ya pili alimtuma baba yake. Kalmen alirudi baada ya saa nzima, amenyweshwa chai.

"Amesemaje, Baba?"

"Ameniuliza habari za mgongo. Nikamwambia binti yangu analia. Akanywa chai. Nikamwambia tena. Akaniongezea sukari."

Jumatano Zlata alivaa blauzi yake ya Sabato, akaenda peke yake kwenye ukumbi wa wakata vitambaa.

Joto lilikuwa la kukausha koo. Wanaume mia tatu walikaa na mikono ya mashati imekunjwa, mwanamke hakuwemo hata mmoja. Kamati ilishapokea ushahidi wa Dvoshe na wenzake kwa maandishi, ikatangaza kwamba Anshel hana kosa na kadi yake ni yake. Watu walishaanza kupiga makofi Zlata alipopanda jukwaani.

"Dada," alisema mwenyekiti, "hiki ni kikao cha wakata vitambaa."

"Najua. Sitachukua muda wenu."

Huyu ndiye Zlata aliyekuwa akihutubia washona vifungo kwenye kona za barabara mpaka farasi wa polisi wanasimama kusikiliza. Leo alisahau hata kuwasalimia. Alimtafuta Anshel, akamwona safu ya nne, anajipepea na kofia.

"Mimi ndiye niliyemwita Anshel mvunja mgomo," alisema. "Nilisema mbele ya watu, na nilisema uongo. Nilidhani nakitetea chama. Lakini chama ni nini kama si kumuuliza mwenzako kabla hujamhukumu? Mabwana ndio wasiotuuliza. Mimi nilimfanyia yeye kama bwana. Nimemtia aibu hadharani, na hadharani namwomba radhi. Anshel, nisamehe."

Vichwa vikageukia safu ya nne. Anshel aliacha kujipepea.

"Msamehe, ndugu!" mtu alipiga kelele. "Joto litatuua!"

"Hii ni mara ya ngapi?" Anshel aliuliza kutoka alipokaa.

"Ya nne, na sheria yetu ya dini inadai tatu tu. Ile ya kona, barua moja, Baba mmoja, na hii. Ukikataa na hii, sheria inasema dhambi inahamia kwako, na mimi nitalala usingizi."

Wanaume wakaangua kicheko. Anshel naye mdomo ulimcheza, lakini alipoinuka uso wake haukuwa wa mzaha.

"Sikukaa kimya kwa sababu nimeacha kukupenda. Niliogopa. Nilijiuliza nitaishije na mtu anayeweza kunihukumu kabla ya kunisikiliza."

"Niulize basi. Chochote. Hawa wawe mashahidi."

"Siku ukiambiwa Anshel ameonekana anapita mlango wa uani, utafanya nini?"

"Nitapita nyuma yako nione unakwenda wapi."

"Bila Mzee Itche?"

"Bila Mzee Itche, bila Dvoshe, bila Torati. Peke yangu. Na nitakutazama usoni."

Anshel alipita katikati ya mabenchi, akafika chini ya jukwaa.

"Shuka basi," alisema. "Nimekusamehe tangu Jumapili. Nilikuwa nasubiri hasira iishe, haikuwa na haraka."

Zlata alishuka huku analia wazi, mbele ya wakata vitambaa mia tatu, na wala hakuona haya.

* * *

Harusi ilikuwa Jumanne, siku ya baraka, kwenye ukumbi uleule. Mgomo ulikuwa bado unaendelea, kwa hiyo hapakuwa na kuku wala keki. Kulikuwa na samaki wa chumvi, mkate mweusi, matango ya siki, na fidla mbili zilizokuwa zikigombana. Fimbo nne za kitambaa kinachotandwa juu ya maharusi zilishikwa na watu wanne wa mstarini, Dvoshe mmojawao, na Mzee Itche alinung'unika kidogo kwamba mwanamke hashiki fimbo, kisha akakumbuka yaliyompata safari iliyopita akanyamaza.

Bwana Zanvil alialikwa. Zlata aliposikia, nusura adondoshe shela yake ya harusi.

"Baba! Zanvil?"

"Shukrani yangu kwake haijafa, mwanangu. Ila sasa nampa sahani ya samaki. Mikono yangu simpi tena."

Zanvil alikuja. Alisimama mlangoni mpaka Dvoshe alipomsukumia kiti, akala samaki, hakumtazama mtu. Msidhani samaki ndiye aliyemlainisha. Alikuja kusaini mkataba na chama mwezi Septemba kwa sababu mabwana wenzake walishasaini. Lakini usiku huo aliinuka akampa Kalmen mkono, na Kalmen akaupokea kwa mikono yote miwili. Zlata aliwaona. Aliwaza juu ya siku nne za kisiwani ambazo hakuzikumbuka, akaenda mwenyewe kumwongezea Zanvil mkate.

"Asante kwa kusaini siku ile," alimwambia. "Sikuwahi kukwambia."

Zanvil alitafuna muda mrefu. "Ulikuwa kitoto kikonde," alisema mwishowe. "Unakohoakohoa."

Fidla zilipopumzika, Kalmen alimvuta mkwewe pembeni ya meza. Kadi mpya ya chama ilikuwa imechomoza kwenye mfuko wa koti la mzee, makusudi, ili watu waione.

"Anshel, mwanangu," alisema, na macho yalishamlowa. "Ulitupa jina lako kwa ajili ya mzee muoga. Nimekaa nikiwaza nikupe nini, sipati. Nifanye nini ili nikushukuru?"

Anshel alimshika mabega.

"Usifanye kitu, Baba. Wewe nakujua. Ukishukuru sana utaanza kunipigia pasi bure."

Mzee aliduwaa. Kisha akaanza kucheka, kwanza kwa aibu, halafu kwa tumbo zima, mpaka akashika meza. Zlata alicheka naye, machozi yanamtiririka, akamkumbatia mmoja kwa mkono huu na mwingine kwa mkono huu, na hakutaka kuachia yeyote.

"Asanteni," alikuwa akirudia. "Asanteni nyote wawili. Asanteni."